Alama za kuchomelea kwenye michoro ya vyuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wachoraji wa Dodoma

Kazi za vyuma zimeongezeka sana Dodoma tangu mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia huku. Ukipita Mji wa Serikali kule Mtumba, ukienda Msalato kwenye uwanja mpya wa ndege, au ukizunguka maghala ya Kizota, utakuta kenchi, nguzo na ngazi za chuma ambazo michoro yake imetoka kwenye mikono tofauti. Mmoja kafundishwa viwango vya Uingereza, mwingine kaja na vya China, wa tatu kajifunza mtandaoni kwa Wamarekani. Programu nazo huja na alama zake tayari, na asiyezigusa huchapisha alichopewa. Majibu haya ni kwa wachoraji na wahandisi wanaotaka alama zao zisomwe kwa namna moja tu, ofisini na karakanani.

Alama ya kuchomelea ina sehemu gani, na zipi naruhusiwa kubadilisha?

Kuna mstari mlalo wa rejea, mshale unaogusa kiungo, umbo la aina ya mshono (pembetatu kwa fileti, yaani mshono wa kwenye kona ya vipande viwili; V kwa gruvu ya V, yaani mshono unaojaza mfereji uliokatwa ukingoni; na kadhalika), vipimo, na mkia pale panapohitajika maelezo ya ziada. Kwenye kona ambako mshale unakutana na mstari wa rejea, huweza kukaa bendera ya mshono wa saiti au duara la kuchomelea kuzunguka.

Badilisha upendavyo: fonti, kimo cha herufi, unene na rangi ya mistari, umbo la kichwa cha mshale, mahali alama inapokaa kwenye karatasi, na alama zipi zionekane au zifichwe. Usiguse haya: ukubwa wa mshono hukaa kushoto mwa umbo, urefu hukaa kulia, na mguu wima wa pembetatu ya fileti hukaa kushoto daima, hata kama kwenye chuma chenyewe bamba lililosimama liko kulia. Nimeona wachoraji wakigeuza pembetatu "ifanane na hali halisi". Pembetatu si picha ya kiungo, kwa hiyo haina hali halisi ya kufanana nayo.

Nitumie kiwango kipi: ISO au cha Marekani?

Anachotaka mhandisi mshauri wa mradi ndicho unachotumia. Kama hakusema, muulize kwa maandishi kabla ya kuchora karatasi ya kwanza. Swali hili ndilo mama wa matatizo mengi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Kiwango cha Marekani ni AWS A2.4, cha chama cha uchomeleaji cha huko. Kina mstari mmoja wa rejea. Alama iliyo chini ya mstari inahusu upande ambao mshale umegusa. Iliyo juu inahusu upande wa pili wa kiungo.

Kiwango cha kimataifa ni ISO 2553, toleo la 2019. Chenyewe kinakubali mifumo miwili. Mfumo A una mistari miwili: mmoja mzima, mwingine wa vistari uliolala sambamba nao. Alama ikikaa kwenye mstari mzima ni upande wa mshale, ikikaa kwenye ule wa vistari ni upande wa pili. Haijalishi mstari wa vistari uko juu au chini. Mshono ukiwa pande zote mbili na unafanana, mstari wa vistari huachwa. Mfumo B una mstari mmoja na husomwa kama ule wa Marekani.

Sasa weka michoro hiyo miwili mbele ya fundi mmoja. Pembetatu imekaa juu ya mstari. Kwa Mmarekani hiyo ni upande wa pili. Kwa aliyezoea Mfumo A, ikiwa mstari mzima ndio uliobeba pembetatu, ni upande wa mshale. Mchoro ni uleule, mshono umehama upande. Kwenye bamba la kukaza lililoshonwa upande mmoja tu, hilo linaweza kumfanya mkaguzi akatae kazi nzima.

Kuna jambo la karatasi pia. Mstari wa vistari ni mwembamba, na mchoro wa A1 ukichapishwa kwa A3 kwenye duka la stesheni, kisha nakala itolewe nakala, vistari vinapotea kabisa. Anayebaki na mstari mzima peke yake hajui tena kama kuna kilichopotea. Ndiyo maana mimi, nikiachiwa uchaguzi, hupenda mfumo wa mstari mmoja kwa kazi zitakazoishia kwenye karakana ndogo. Mhandisi akitaka Mfumo A, basi mstari wa vistari uchorwe mnene kuliko programu inavyopendekeza.

Chochote utakachochagua, kiandike kwenye maelezo ya jumla ya kila karatasi: jina la kiwango, na kama ni ISO, mfumo A au B. Maelezo yakikaa kwenye karatasi ya kwanza peke yake hayasaidii, maana karatasi ya kwanza hubaki ofisini.

Kwenye Tekla Structures alama zangu zinatoka juu ya mstari, mhandisi anazitaka chini. Nabadilisha wapi?

Tekla ni programu ya modeli za majengo yenye asili ya Finland, na kwa kawaida yake huweka mshono wa upande wa mshale juu ya mstari, kwa kufuata ISO. Kuibadilisha ifuate desturi ya Marekani, tafuta kwenye mipangilio ya juu chaguo linaloitwa XS_AISC_WELD_MARK na ulipe thamani ya TRUE. Fanya hivyo mwanzoni mwa mradi. Ukibadilisha katikati, utakuwa na michoro iliyokwisha kutolewa inayosema hivi na mipya inayosema vile, na zote zina nembo ya ofisi yako.

Ukishabadilisha usiamini skrini moja. Chukua kiungo kimoja unachokijua vizuri, kwa mfano bamba la mwisho la boriti lililoshonwa upande mmoja, kitengenezee mchoro, ukichapishe, na umpe mwenzako aseme mshono uko wapi bila kumwonyesha modeli.

Programu inaniuliza kiambishi "a" au "z" kabla ya namba. Kuna tofauti gani?

Kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Herufi z ni mguu wa fileti, yaani kimo cha mshono kwenye uso wa bamba. Herufi a ni koo, yaani umbali mfupi kutoka kwenye kona ya ndani hadi uso wa mshono. Kwa fileti yenye miguu sawa, z ni a mara 1.41.

Tuseme mhandisi amekokotoa z6. Mchoraji akaacha kiambishi tupu, fundi aliyezoea michoro ya Ulaya akaisoma a6. Atashona mguu wa milimita 8.5. Eneo la mshono linatoka milimita za mraba 18 hadi 36, yaani maradufu. Kwa mita moja, chuma cha rodi kilichoyeyuka kinatoka takriban gramu 141 hadi gramu 283. Ghala lenye mita 200 za mishono ya aina hiyo litakula kilo 57 za mshono badala ya 28, bila kuhesabu vipande vya rodi vinavyotupwa, umeme na muda wa fundi. Zaidi ya hapo, joto linazidi na mabamba membamba yanajikunja.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Mhandisi akiandika a6 na fundi akashona mguu wa 6, koo linabaki milimita 4.2. Nguvu imepungua kwa asilimia 30, na kwa macho mshono unapendeza tu.

Marekani hawatumii viambishi hivi. Kwao namba ya fileti ni mguu. Michoro ya Kichina inayofuata GB/T 324 nayo hutoa mguu, kwa herufi K. Kwa hiyo kwenye mpangilio wa programu: ukifuata ISO, kiambishi kionekane kila mara, kisiachwe wazi hata mahali pamoja. Ukifuata AWS, kiondoe kabisa, na kwenye maelezo ya jumla andika sentensi moja: "Ukubwa wa fileti ni mguu, kwa milimita."

Nimeandika 50-150 kwa mshono wa vipande. Fundi ameacha nafasi ya 150 kati ya vipande. Nani kakosea?

Kama mchoro ni wa AWS, fundi. Pale 50 ni urefu wa kipande na 150 ni umbali kutoka katikati ya kipande kimoja hadi katikati ya kinachofuata, kwa hiyo nafasi tupu ni 100. Lakini kwenye ISO Mfumo A huandikwa idadi, alama ya kuzidisha, urefu, kisha namba kwenye mabano, na namba ya mabano ndiyo nafasi tupu yenyewe. Mshono uleule ungeandikwa 20 × 50 (100).

Ukipima hasara: kwenye boriti ya mita 3, kwa AWS unapata vipande 20 hivi. Aliyeacha nafasi ya 150 anapata 15. Robo ya mshono imekwenda.

Programu nyingi zina sehemu ya kuchagua kitenganishi kati ya urefu na umbali. Kibadilishe kifuate kiwango ulichotaja, na kwa saiti ambako fundi hamjuani naye, chora pembeni kipande kidogo chenye vipimo vyote. Kinakula nafasi ndogo ya karatasi.

Mchoro wangu umejaa alama mpaka chuma hakionekani. Nifiche zipi?

Ficha zinazorudiarudia, usifiche zinazotofautiana. Kwenye Tekla, sifa za mwonekano wa mchoro zinakuruhusu kuchagua mishono ionekane ya karakana, ya saiti, yote au isionekane kabisa, na kuna kikomo cha ukubwa kinachokuwezesha kuficha mshono wa kawaida wa mradi. Kisha kwenye maelezo ya jumla unaandika, kwa mfano: "Mishono yote isiyoonyeshwa ni fileti z6 pande zote mbili."

Hapo tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwa skwea paipu na mabati membamba: sentensi hiyo ikimfikia fundi anayeshona paipu yenye ukuta wa milimita 2 au 3, ataitoboa. Ya pili ni kwa mabamba manene. Kwa kanuni za AISC, taasisi ya ujenzi wa chuma ya Marekani, kipande chembamba zaidi kwenye kiungo kikizidi milimita 19, fileti ndogo inayoruhusiwa ni milimita 8. Kati ya 13 na 19 ni 6. Kati ya 6 na 13 ni 5. Kwa hiyo z6 ya jumla haifai kwa bamba la msingi la 25 lililoshonwa kwenye ubavu wa nguzo wenye unene wa 20. Hizo lazima alama zake zionekane.

Ushauri wangu ni kutenganisha karatasi. Mchoro wa karakana uonyeshe mishono ya karakana tu, na mchoro wa kusimamisha jengo uonyeshe mishono ya saiti tu. Mafundi wa Kizota hawahitaji kujua kitakachoshonwa juu ya jukwaa kule Mtumba.

Herufi ziwe na kimo gani?

Anza na karatasi itakayofika mkononi, si ile ya kwenye skrini. A1 ikipunguzwa kuwa A3 kila kitu kinakuwa nusu. Herufi ya milimita 2.5 inakuwa 1.25, na chini ya kivuli cha turubai kwenye jua la saa nane mchana hakuna atakayetofautisha 5 na 6. Weka 3.5 kwa A1. Kama unajua mapema kwamba saiti itachapisha A3, chora moja kwa moja kwa A3 na herufi za 2.5.

Umbo la mshono likue pamoja na herufi. Kwenye baadhi ya programu ni mipangilio miwili tofauti, na matokeo yake ni namba kubwa kando ya pembetatu isiyoonekana.

Bendera ya saiti inabadilisha nini zaidi ya kuonekana?

Kwenye programu za modeli, inabadilisha kifurushi. Tekla ikiambiwa mshono ni wa karakana, huunganisha vipande kuwa kitu kimoja chenye namba moja, na hutoka kwenye orodha kama mzigo mmoja. Ukisema ni wa saiti, mpangilio wa vifurushi na michoro unaathirika. Kwa hiyo usichore bendera kwa mkono juu ya mchoro ilhali modeli bado inasema karakana. Utapata mchoro wenye bendera na lori lenye kitu cha mita 14 ambacho dereva kutoka Dar es Salaam hajui atakipitisha wapi.

Kwa Dodoma bendera ina maana nyingine tena: upepo. Kuchomelea kwa waya na gesi kunahitaji gesi ikae juu ya mshono mpaka chuma kigande, na AWS D1.1, kanuni ya Marekani ya kuchomelea miundo ya chuma, inakataza njia hiyo upepo ukizidi kilomita 8 kwa saa isipokuwa umezuiwa. Huku kwetu upepo wa namna hiyo hauhitaji kutafutwa. Kama mshono una bendera, angalia mkia usije ukawa umenakili 135, ambayo kwa namba za ISO 4063 ni waya na gesi, kutoka kwenye mishono ya karakana. Kwa rodi ya kawaida namba ni 111.

Na duara?

Linatumika kupita kiasi. Kwenye skwea paipu inayokaa juu ya bamba ni sahihi kabisa. Kwenye boriti ya I linamwambia fundi azunguke kila kona, pamoja na ncha za ubavu na unene wa ukingo wa bamba, sehemu ambazo mhandisi huenda hakuzihesabu wala hakuzitaka. Kwa boriti ya I weka alama mbili: moja kwa mabamba ya juu na chini, nyingine kwa ubavu. Kwa paipu ya mviringo, AWS haidai duara. Mshono unaozunguka paipu unaeleweka bila hilo.

Mkia niandike nini?

Andika tu kisichoweza kusemwa na alama yenyewe: njia ya kuchomelea, aina ya rodi kama E7018, daraja la ubora la ISO 5817 (B, C au D), au namba ya utaratibu wa kuchomelea uliothibitishwa. Mkia ukiwa mtupu, ufute. Programu kadhaa huuacha mkia usio na maneno na fundi anabaki kujiuliza kilichofutwa.

E7018 ikitajwa, iwe imetajwa kwa sababu. Ni rodi ya hidrojeni ndogo na inahitaji kutunzwa pakavu. Karakana nyingi zinatembea na E6013. Ukiandika E7018 kila mahali kwa mazoea, mtu atabadilisha kimyakimya, na siku ile unapoihitaji kweli hataamini.

Namba kwenye mabano kando ya mshono wa gruvu ni nini?

Kwa AWS, namba ya nje ni kina cha kukata ukingo, ya ndani ya mabano ni ukubwa wa mshono unaohesabiwa. 8(6) maana yake umekata 8, unahesabu 6. Kwa ISO hutumika herufi s kwa kina cha kupenya. Usiruhusu programu ichanganye vyote viwili kwenye alama moja.

Mshale uliovunjika katikati unaonekana kama kosa la kuchora. Niunyooshe?

Hapana. Kwenye gruvu inayokatwa upande mmoja, mshale uliovunjika unaelekeza kipande kinachotakiwa kukatwa ukingo. Ukiunyoosha, fundi ataweka grainda kwenye kipande kilicho karibu na mkono wake. Hakikisha mpangilio unaonyoosha mishale kiotomatiki hauigusi mishale hii.

Sina Tekla wala Advance Steel, nina AutoCAD ya kawaida. Nifanyeje?

Ofisi nyingi za mjini ziko hivyo na zinatoa michoro mizuri. Tengeneza bloku moja yenye sehemu za kujaza kwa ukubwa, urefu, umbali na mkia, na ndani yake weka hali za kuonekana: fileti upande wa mshale, fileti upande wa pili, fileti pande zote, gruvu ya V, na nyinginezo unazotumia kweli. Bendera na duara viwe vya kuwasha na kuzima. Bloku tano zilizotunzwa zinashinda hamsini zilizoletwa kwenye flashi na rafiki wa chuo.

Adui wa bloku hiyo ni amri ya kugeuza kama kioo. Ukigeuza nusu ya kenchi kuja upande wa pili, pembetatu nayo inageuka na mguu wima unahamia kulia. Mpangilio wa MIRRTEXT ukiwa 0 unalinda maandishi yasisomeke kinyume, lakini haulindi pembetatu. Na ukigeuza juu kwenda chini, mshono wa upande wa mshale unakuwa wa upande wa pili, bila onyo lolote. Geuza chuma peke yake. Alama zizime leya yake kwanza, kisha uziweke upya.

Kuna programu ya bure?

FreeCAD. Sehemu yake ya michoro, TechDraw, ina kifaa cha alama za kuchomelea tangu toleo 0.19. Unachora mstari wa mshale kwanza, kisha unaubandika alama. Maumbo yake ni faili za SVG, kwa hiyo unaweza kuyafungua kwa Inkscape, ukanenepesha mistari, ukahifadhi kwenye folda yako na kuielekeza programu huko. Kwa kubadilisha sura ya alama, hakuna njia nyepesi kuliko hiyo hata kwenye programu za kulipia. Wanafunzi, iwe UDOM au kwingineko, wanaweza pia kupata leseni za kujifunzia za Tekla na Autodesk bila malipo, ila leseni hizo si za kazi ya mteja.

Naweza kubuni alama yangu mwenyewe?

Programu itakuruhusu. Mimi nakushauri uandike maneno. Alama usiyoikuta kwenye kiwango ni siri kati yako na wewe. Mkaguzi atakayekuja baada ya miaka kumi hatakuwa na wa kumuuliza. Kama mshono una mambo ya pekee, chora mkato mkubwa wa kiungo, weka vipimo, na kwenye mkia rejea namba ya mkato huo.

Isipokuwa moja: ufunguo wa alama kwa Kiswahili. Huo si alama mpya, ni maelezo ya zilizopo, na ndio jibu la swali linalofuata.

Fundi wangu ana uzoefu mkubwa lakini hasomi alama. Nimwandikie maelezo kwa maneno kila mahali?

Usimwandikie kila mahali. Mwandikie mahali pamoja, vizuri. Tengeneza kisanduku kitakachokaa juu ya kisanduku cha jina kwenye kila mchoro wa karakana. Kiwe na alama unazotumia kwenye mradi huo tu, pengine sita au saba, na kando ya kila moja mchoro mdogo wa mshono ulivyo baada ya kushonwa. Maneno yawe ya karakana: "shona upande uliogusa mshale", "shona upande wa pili", "shona pande zote mbili", "shona ukiwa saiti", "zunguka pote", "namba ya kushoto ni mguu", "vipande: urefu, kisha kati hadi kati".

Fundi mzee anayekuambia "we niambie tu mdomoni, kijana" mheshimu, mwambie mdomoni, kisha muoneshe kisanduku na umwombe akueleze mshono mmoja kwa kukitumia. Waliosomea uchomeleaji VETA watamsaidia asiyejua wakiwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole. Ukishatengeneza kisanduku hicho kihifadhi kama kiolezo, maana mradi ujao utabadilisha mistari miwili tu.

Nimebadilisha ukubwa wa mshono kwenye mchoro. Kwa nini modeli haikubadilika?

Kwa sababu kuna alama za aina mbili. Inayotoka kwenye mshono wa modeli inafuata modeli. Uliyoibandika kwa mkono kwenye mchoro ni maandishi tu: haibadilishi modeli, na modeli ikibadilika yenyewe haisogei. Mhandisi akiongeza mshono kutoka 6 hadi 8 kwenye marekebisho, ya kwanza itasema 8 na ya mkono itaendelea kusema 6, pengine kwenye karatasi ileile.

Kama huna budi kuweka ya mkono, ipe rangi yake kwenye skrini, itakayochapishwa nyeusi. Kabla ya kutoa marekebisho yoyote, pitia rangi hiyo peke yake.

Nikimtumia mteja faili la DWG, alama zinageuka alama za kuuliza au visanduku.

Fonti uliyotumia haipo kwenye kompyuta yake. Tumia fonti inayokuja na kila Windows, au hamisha maumbo yawe mistari badala ya herufi. PDF itolewe na fonti zikiwa ndani yake. Fungua faili kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kulituma, kwa kuwa hapo ndipo msimamizi wa saiti atakapolifungulia.

Mipangilio yote hii niihifadhi wapi isipotee?

Isikae ndani ya mradi mmoja. Tekla inatafuta faili za mipangilio kwanza kwenye folda ya modeli, kisha ya mradi, kisha ya kampuni, ndipo za mfumo. Maana yake, ukiweka mipangilio ya alama kwenye folda ya kampuni, inayotajwa na XS_FIRM, kila mradi mpya utaiona, na mradi wenye masharti yake utaipindua kwa faili lake kwenye folda ya mradi bila kuharibu za wengine. Wa AutoCAD waweke bloku kwenye folda moja ya mtandao wa ofisi, isiyoandikika na kila mtu.

Faili lipewe jina linalotaja kiwango na tarehe. "alama_mpya_final2" ya mtu aliyekwisha hama ofisi haitamsaidia atakayerithi kompyuta yake. Na mtu mmoja awe na ruhusa ya kuibadilisha. Wengine wakiona kasoro wamwambie, arekebishe, aandike kilichobadilika kwenye faili la maandishi lililo folda hiyohiyo, ndipo miradi inayoendelea iamue kama inachukua toleo jipya au inamaliza na la zamani.